Uzi maalumu: Miji ya Wamaya ilisimama kwa chokaa. Mafundi na wapenda historia, karibuni

MwashiWaMatumbawe
Wakuu, salaam.

Picha za mahekalu ya Tikal na Chichén Itzá zinazungushwa sana kwenye magrupu, na chini yake maneno ni yaleyale: hayakujengwa na binadamu, walishuka viumbe kutoka angani. Mimi ni mwashi, mzaliwa wa Unguja, na marehemu baba alikuwa mchoma chokaa. Kila nikisoma maneno hayo naumia kana kwamba nimetukanwa mimi. Nimeona nifungue uzi, niandike ninachokijua kuhusu mafundi wale kwa lugha ya kazi.

Kwa asiyewafahamu, Wamaya ni watu wa kusini mashariki mwa Meksiko, Guatemala, Belize, na upande wa magharibi wa Honduras na El Salvador. Wapo mpaka leo kwa mamilioni, na lugha zao wanazisema majumbani. Ujenzi wao ni wa zamani mno. Kule Aguada Fénix, jimbo la Tabasco, kuna jukwaa la udongo lenye urefu wa mita 1,400 na upana unaokaribia mita 400, lililojengwa kati ya mwaka 1000 na 800 KK. Kwa macho ya kawaida unaona kama ardhi imeinuka tu. Lilikuja kujulikana kwa vipimo vya leza vilivyopigwa kutoka ndegeni, na dunia ikatangaziwa mwaka 2020. Baadaye ndiyo likaja jabali la piramidi, La Danta, kwenye mji wa El Mirador, Guatemala, lenye kimo cha mita 72 hivi, na baada ya karne nyingi Hekalu la Nne la Tikal, mita 65, la mwaka 741 hivi.

Wengi wanastaajabia mawe. Mimi nastaajabia chokaa. Jiwe la kuchongwa unaloliona nje mara nyingi ni ngozi tu. Ndani umejaa kifusi: mawe ya ovyo, udongo, kokoto na chokaa. Sakafu ni chokaa. Lipu ya kuta ni chokaa. Sura za miungu zilizobandikwa kutani ni chokaa. Hata barabara zao walizoziita sacbé, yaani njia nyeupe, zilijazwa mawe na kufunikwa kwa tabaka la udongo mweupe wa chokaa. Moja inatoka Cobá mpaka Yaxuná, karibu kilomita 100. Sasa jiulize, chokaa yote hiyo ilichomwa wapi na kwa kuni gani?

Nitaendelea. Mwenye swali aulize.

Kambi_ya_Usiku
Naweka kambi hapa. Mkuu shusha nondo taratibu, tunakusoma.

Fikra_Pevu
Mkuu heshima yako. Mimi ni mmoja wa hao wenye mashaka, na naomba usinichukulie vibaya. Hawakuwa na chuma. Hawakuwa na punda wala ng'ombe wa kukokota. Hawakutumia mikokoteni. Sasa jiwe lilikatwaje, na lilipandaje mita 60 juu?

MwashiWaMatumbawe
Swali zuri, kaka, na ndipo nilipotaka kuanzia.

Rasi yote ya Yucatán, kule kusini mashariki mwa Meksiko, imekaa juu ya mawe ya chokaa. Jiwe lile likiwa bado ardhini, lina unyevu wake, ni laini. Unalikata kwa shoka la jiwe gumu, gumegume, au kwa patasi ya jiwe na nyundo ya mti. Likishatoka likapigwa na hewa, linakazana. Nani hapa kwetu pwani hajui jambo hili? Matumbawe yakitolewa baharini mabichi, unayachonga kama unachonga sabuni. Yakikauka ndiyo yanakuwa jiwe la mlango wa msikiti. Mafundi wa Kilwa na Songo Mnara walichonga mihirabu hivyohivyo, jiwe likiwa bichi. Asiyewahi kushika jiwe bichi ndiye anayetafuta mtu wa angani.

Kuhusu kubeba, machimbo mara nyingi yalikuwa palepale mjini. Shimo la kuchimbia mawe liligeuka kuwa bwawa la maji, kwa hiyo kazi moja ikazaa mbili. Mzigo ulibebwa mgongoni, ukishikwa na mkanda unaopita kwenye paji la uso. Kifusi kilipanda kikapu kwa kikapu, na kuta za ndani zilijengwa kama vyumba vya kuzuia kifusi kisiteleze, kimoja kikijaa wanahamia kingine.

Tena hawakuanza upya kila mara. Mfalme mpya alijenga juu ya jengo la zamani. El Castillo la Chichén Itzá lina piramidi nyingine ndani yake, na ndani ya hiyo ipo nyingine ndogo zaidi. Kimo unachokiona leo ni jasho la vizazi kadhaa.

Mwana_wa_Nyeri
Hapo kwa mkanda wa kichwani umenigusa sana. Kwetu Nyeri akina mama wamebeba kuni na maji kwa mkanda wa ngozi unaopita kwenye paji la uso, tunauita mukwa. Nyanya yangu alikuwa na alama yake kichwani mpaka alipofariki. Mtu aliyeona nyanya yake akipanda mlima na mzigo vile hawezi kuuliza mawe yalipandaje.

MwashiWaMatumbawe
Ahsante sana ndugu yangu. Umeliweka vizuri kuliko mimi.

Fikra_Pevu, niongeze hili moja. Kuna jiwe la kumbukumbu la Piedras Negras, Guatemala, lililochongwa karibu na mwisho wa karne ya 8, nalo lina sahihi za wachongaji kadhaa. Waliandika majina yao kwa maandishi yao wenyewe. Ni mafundi walioona fahari kwa kazi yao wakaitia saini.

Sasa tanuri. Hapa naomba mnivumilie, kwa sababu ndipo moyo wangu ulipo.

Namna iliyoonekana vijijini kwa Wamaya mpaka zama zetu ni hii. Wanasafisha uwanja wa duara. Wanakata magogo, mengi yakiwa mabichi, wanayapanga tabaka juu ya tabaka kama gurudumu lililolala, vichwa vyote vikielekea kati. Katikati wanaacha tundu. Juu ya kuni wanamwaga mawe ya chokaa yaliyovunjwavunjwa. Moto unaingizwa kwenye tundu la kati, unakula kutoka ndani kwenda nje. Ukuta haupo, mlango haupo, bomba la moshi halipo. Kuni zenyewe ndizo tanuri. Joto linafika nyuzi 800 mpaka 900, na moto huchukua usiku na mchana. Baadaye lundo linaachwa lipate umande au mvua, mawe yanafumuka, yanakuwa unga mweupe.

Wakuu, mimi nilipoona picha za lundo lile nilinyamaza kimya. Baba alipanga hivyohivyo, duara na tundu la kati, ila yeye alitumia magogo ya minazi na miembe na juu akaweka matumbawe. Hakuna meli iliyowapeleka mafundi wa Unguja Guatemala wala wa Guatemala Unguja. Jiwe ni lile, moto ni ule, na mikono ya watu makini ilifika mahali pamoja.

Kumbukeni pia kwamba jiwe la chokaa likiungua linatoa hewa ukaa, linapungua uzito. Kilo 100 za jiwe safi zinakuachia kilo 56 tu za chokaa mbichi. Kinacholiwa bila huruma ni kuni.

Mhandisi_Mdogo
Shikamoo mzee. Mimi niko mwaka wa tatu wa uhandisi ujenzi. Tunafundishwa kwamba chokaa ya hewa ni dhaifu ukilinganisha na saruji. Je, lipu yao imedumuje miaka zaidi ya 1,000 kwenye mvua za misitu ile?

MwashiWaMatumbawe
Marahaba mwanangu. Walimu wako hawajakosea, saruji inashika haraka na inabeba uzito zaidi. Lakini ugumu na udumu ni vitu viwili.

Kwanza mchanga wao. Walichimba kitu kinaitwa sascab, udongo mweupe wa jiwe la chokaa lililolegea. Neno lenyewe kwa Kimaya maana yake ni udongo mweupe. Chokaa ikichanganywa na sascab inashikana na nduguye, si na mchanga mgeni. Ikikauka inavuta tena ile hewa ukaa iliyotoka motoni, inarudi kuwa jiwe.

Pili maji yao. Waliloweka magome ya miti, maji yakachukua rangi na ute, wakachanganyia chokaa. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Granada, Hispania, wakiongozwa na Carlos Rodríguez-Navarro, walichapisha uchunguzi wa lipu za Copán, mji wa Wamaya ulioko Honduras. Walikuta dalili za utomvu wa mimea ndani ya chokaa, wakajaribu wenyewe kutengeneza chokaa yenye maji ya magome ya miti miwili, chukum na jiote. Punje zake zilijijenga kama linavyojijenga ganda la kombe au mwiba wa urchini, yule mnyama wa baharini mwenye miiba. Lipu ile haikupasuka ovyo na ilistahimili maji kuliko chokaa tupu. Na chukum haijafa. Kule Mérida, mji wa Yucatán, leo mafundi wanaipaka kwenye kuta na mabwawa ya kuogelea.

Kalamu_ya_Tanga
Uzi mtamu huu. Nina swali dogo. Umesema Yucatán ni mawe matupu. Je, waliokuwa mahali pasipo na jiwe walifanyaje?

MwashiWaMatumbawe
Walijenga na walichopewa na ardhi, na hapo ndipo napata hasira mtu akisema walikuwa wanakariri tu.

Copán, Honduras, wana jiwe la majivu ya volkano lenye rangi ya kijanikijani, linachongeka vizuri mno. Ndiyo maana sanamu za Copán zimetoka nje ya jiwe kama watu wanaotaka kutembea, na ngazi yao ya maandishi ina zaidi ya alama 2,000. Quiriguá, Guatemala, wana jiwe la mchanga, wakasimamisha jiwe moja zima lenye urefu wa zaidi ya mita 10 mwaka 771.

Ila ninaloliheshimu kuliko yote ni Comalcalco, Tabasco. Ule ni uwanda wa mto, tope tupu, jiwe halipo. Wakachoma tofali! Tofali za kuchoma, mji mzima wa mahekalu. Nyingi zina michoro na maandishi yaliyochorwa kwenye udongo kabla ya kuingia motoni, kisha upande wenye mchoro ukafichwa ndani ya ukuta. Chokaa je, bila jiwe? Walichoma maganda ya chaza.

Bint_Pemba
Chaza! Nilipokuwa mdogo wazee walitusimulia habari za chokaa ya makombe, nikadhani ni ya kwetu tu. Samahani kuingilia, endelea mwalimu.

MwashiWaMatumbawe
Hujaingilia, dada, na hayo ndiyo ninayoyataka humu.

Tuje kwenye paa. Wamaya hawakujenga tao lenye jiwe la kati linalokaza pande mbili. Walijongeza mawe. Kila safu inachomoza kidogo mbele ya ile ya chini, pande zote mbili, mpaka juu zinakaribiana na jiwe bapa linafunika. Uzito wa kifusi na chokaa nyuma ya mawe ndio unaozuia yasianguke. Kwa hiyo kuta ni nene na chumba ni chembamba, mara nyingi mita mbili au tatu tu. Ukiingia unahisi uko ndani ya kibanda cha makuti kilichogeuka jiwe, na sidhani kama ni bahati. Mafundi wa Uxmal na Labná walichonga vibanda vya makuti kwenye kuta za majumba ya wakubwa, paa na kila kitu. Nyumba ya mtu wa kawaida ndiyo iliyokuwa kielelezo chao.

Palenque walikwenda mbali zaidi. Walijenga kumbi mbili sambamba zinazoegemea ukuta mmoja wa kati, wakatoboa matundu kwenye paa kupunguza uzito, kuta zikaweza kuwa nyembamba na mwanga ukaingia. Fundi aliyefikiria vile nampa mkono.

Lenta za milango Tikal zilikuwa za mti wa chikozapote, uleule ambao utomvu wake ulitengenezewa bigijii zamani. Mti mgumu, mchwa hauli kirahisi. Lenta za kuchongwa za Hekalu la Nne ni za karne ya 8. Baadhi zilitolewa mwaka 1877 zikapelekwa Basel, Uswisi, na ziko huko mpaka leo. Zimepita miaka zaidi ya 1,200 na mbao bado ni mbao.

Na mbao zile zinasema jambo. Watafiti walipopima mbao za mahekalu ya Tikal walikuta kwamba mwanzoni magogo yalikuwa makubwa na yamenyooka. Kuanzia 741 hivi mafundi wakahamia mti mwingine, mwembamba na uliopindapinda, mgumu kuuchonga. Fundi habadilishi mti mzuri kwa mti mbaya kwa hiari yake. Miti mikubwa ilikuwa imeisha karibu na mji.

Fikra_Pevu
Hapo umenigeuza mkuu. Basi ni kweli kwamba walikata misitu yao kwa ajili ya chokaa mpaka miji ikaanguka?

Mhandisi_Mdogo
Nami nimesoma hivyo, kwamba El Mirador iliangamizwa na chokaa.

MwashiWaMatumbawe
Twende polepole hapo. Wapo wachimbaji wa El Mirador wanaosema sakafu za chokaa zilizidi kuwa nene kwa fahari, kuni zikaliwa, udongo ukaporomoka ukaziba mabwawa na mabonde ya kulimia. Hoja ina nguvu. Lakini miji ya kusini iliyoachwa katika karne ya 9 ilikuwa pia na ukame mkali wa kurudiarudia, vita kati ya wafalme, na watu wengi juu ya ardhi ileile. Mimi sitaki chokaa ibebeshwe lawama yote.

Tena kumbukeni walihifadhi pia. Tikal iliishi kwa mabwawa ya mvua, maana mto haukuwepo. Kwenye bwawa moja wachunguzi walikuta zeolaiti na mchanga wa kwatzi, vitu vya kuchujia maji vilivyoletwa kutoka mbali. Nchi ya Puuc, upande wa Uxmal, walichimba mabirika ya chini kwa chini yenye umbo la chupa, wakayapiga lipu ya chokaa yasivuje. Chokaa ileile iliyokula msitu ndiyo iliyowanywesha watu maji wakati wa kiangazi. Ukiitazama kazi yao, tazama pande zote mbili.

Kalamu_ya_Tanga
Na wanyonge walikaa wapi? Mahekalu ni ya wafalme.

MwashiWaMatumbawe
Nashukuru umeuliza, maana nusura niwasahau kama wanavyosahauliwa siku zote.

Walikaa kwenye nyumba za fito na udongo, paa la majani, juu ya kijukwaa cha mawe kuepuka maji. Nyumba za namna hiyo huoza, lakini kijiji kimoja kilihifadhika: Joya de Cerén, El Salvador. Karne ya 7 hivi volkano ya jirani ililipuka ikakifunika kwa majivu. Watu waliwahi kukimbia. Mwaka 1976 tingatinga likichimba msingi wa maghala ya nafaka likagonga ukuta wa udongo. Wachimbaji walipofika wakakuta fito ndani ya kuta, jikoni na vyombo vyake, bafu la mvuke lenye kuba la udongo, na mashamba yenye alama za mimea iliyokuwa imesimama siku ile. Mimi nikiambiwa nichague mahali pamoja pa kutembelea kati ya yote niliyoyataja, nitakwenda pale.

Bint_Pemba
Mwalimu, nimesoma tangu mwanzo. Inauma lakini niulize: kwa nini dunia ilikataa kuamini kwamba ni wao waliojenga?

MwashiWaMatumbawe
Kwa sababu kuamini kungewalazimu kuwaheshimu watu waliokuwa wakiwatumikisha. Karne ya 19 walisema ni Wamisri, ni makabila ya Israeli yaliyopotea, ni Atlantis. Mwaka 1839 Mmarekani John Lloyd Stephens na mchoraji Mwingereza Frederick Catherwood walifika Copán, wakachora na kupima, na Stephens akaandika wazi kwamba waliojenga ni mababu wa wenyeji walewale. Sisi tunaijua hadithi hii vizuri. Zimbabwe Kuu walipewa Wafoinike. Magofu ya pwani yetu walipewa wageni, Mswahili akaachiwa kazi ya kubeba mawe.

Na dharau ile haijaisha madhara. Kanisa kuu la Mérida lilijengwa karne ya 16 kwa mawe yaliyobomolewa kwenye mahekalu ya mji wa T'ho. Mwaka 2013, Nohmul, kaskazini mwa Belize, piramidi yenye zaidi ya miaka 2,000 ilichimbwa kwa mashine ili kupata kifusi cha barabara. Nilipoona picha ya ule mkato, tabaka za mawe na chokaa zimeachwa wazi kama keki, nililia. Sioni aibu kusema.

Mkaazi_wa_MjiMkongwe
Mzee shikamoo. Mimi sina historia nyingi, nina shida. Nyumba ya bibi hapa Mji Mkongwe, ukuta wa mawe na chokaa. Miaka mitatu iliyopita fundi mmoja alitupigia plasta ya saruji. Sasa inabanduka vipande vipande na nyuma yake ukuta ni mbichi, una chumvi. Uzi wako umenifanya nijiulize.

MwashiWaMatumbawe
Marahaba. Umejiuliza sawasawa, na ugonjwa huo umewapata Wamaya pia. Kuna magofu yao mengi yaliyokarabatiwa kwa saruji karne iliyopita, na wahifadhi wakaja kugundua kwamba saruji inafungia maji ndani. Ukuta wa chokaa unapumua. Unyevu unapanda kutoka chini na kutokea usoni. Ukiuziba kwa saruji, maji yanakosa njia, chumvi inakusanyika nyuma ya plasta, inasukuma, na jiwe lenyewe linaanza kumomonyoka.

Usipige plasta nyingine juu yake. Bandueni ile saruji taratibu kwa patasi, msitumie mashine. Uacheni ukuta ukauke, hata miezi kadhaa, na msimu wa mvua usiwakute katikati ya kazi. Chumvi ifagieni kwa brashi kavu, msiioshe kwa maji. Angalieni bomba la maji machafu na mifereji ya paa, maana mara nyingi maji yanaanzia huko. Kisha lipu ya chokaa iliyolowekwa muda mrefu, tabaka nyembamba, kila moja ipewe siku zake, na iwe inanyunyiziwa maji isikauke kwa pupa.

Nitumie picha ya ukuta ndani ya uzi huu, sehemu ya chini karibu na sakafu na sehemu ya juu karibu na boriti. Nikiona unyevu umefika kimo gani nitakuambia uanzie wapi.